Kompyuta Inazima Ukianza Kurenda: Kisa cha Pawa Saplai Iliyoandikwa Wati 500

Dada mmoja mwenye studio ya picha na video za harusi, Ngamiani, Tanga, aliniletea kompyuta yenye ugonjwa mmoja tu. Akikata na kupanga vipande vya video, inakwenda vizuri. Akirekebisha rangi, akiweka muziki, hakuna shida. Akianza kurenda filamu nzima ya harusi, yaani kuigeuza kazi yote iwe faili moja la video, inakwenda kidogo, kioo kinakuwa cheusi, kisha inajiwasha upya kana kwamba hakuna kilichotokea. Kazi yote ya kurenda imepotea, na bibi harusi anapiga simu.

Kabla ya kufika kwangu alishazunguka. Fundi wa kwanza alisema Windows imeharibika, akaipiga upya. Haikusaidia. Mwingine alimwambia kadi ya grafiki imekufa, aiuze kwa bei ya kifaa kibovu atafute nyingine. Hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu kadi yenyewe ni RTX 3060 ya GB 12, kitu ghali kuliko vyote ndani ya lile kasha, na alikuwa ameinunua kwa akiba ya msimu mzima wa harusi.

"Sasa niiuze, mdogo wangu?"

"Usiiuze, dada. Niachie kompyuta kwanza, na uniachie na ile kazi inayokataa kutoka."

Kuachiwa kazi yenyewe ni jambo la maana. Mafundi wengi tunapima kompyuta kwa kuiwasha, kufungua intaneti na kucheza wimbo, tukiona imetulia tunasema imepona. Ugonjwa unaotokea kwenye kazi nzito hauonekani mpaka uipe kazi nzito ileile.

Vipimo vya mashine ni hivi: prosesa Core i5-12400F, RAM GB 16, SSD moja, diski moja kubwa ya kuhifadhia, feni tatu za kasha, na hiyo kadi. Mwanzo ilikuwa na kadi ndogo ya zamani, ambayo haikuwa hata na plagi yake ya umeme, na kwa kadi hiyo haikuwahi kuzima. Ugonjwa ulianza alipobadilisha kadi. Ndiyo maana yule fundi aliilaumu kadi mpya, na kwa juu juu hoja yake inaonekana kuwa na akili.

Kwenye kumbukumbu za Windows nilikuta ujumbe wa Kernel-Power, namba 41, umejirudia kila mahali. Watu wakiuona huo wanadhani umetaja kiungo kibovu. Haukutaja. Unasema tu kwamba mara ya mwisho kompyuta haikuzimwa kwa utaratibu. Kilichonisaidia zaidi ni ambacho hakikuwemo: hapakuwa na kosa la dereva ya kadi (programu inayoiendesha), wala skrini ya bluu. Kadi ikiwa mbovu, mara nyingi hulalamika kabla ya kufa. Unaona madoa, picha zinavunjika, dereva inaanguka na kunyanyuka. Hapa umeme ulikatika kwa mkupuo.

Nikaanza kutoa vitu kwenye orodha ya washukiwa. Joto: prosesa ilikuwa kwenye nyuzi sabini na kidogo, kadi chini ya hapo, zote salama kabisa. RAM ilipita kipimo cha usiku kucha. UPS, yaani betri ya akiba, niliitoa njiani, nikachomeka ukutani moja kwa moja, ugonjwa uleule. Halafu nikazipa mzigo prosesa na kadi, kila moja peke yake. Prosesa peke yake kwa asilimia mia: inastahimili. Kadi peke yake: inastahimili, ingawa feni ya pawa saplai, kile kisanduku kinachobadili umeme wa ukutani na kuulisha kompyuta nzima, ilianza kupiga kelele ya kuchoka. Zote mbili pamoja: tap, imezima.

Kilichomaliza ubishi ni jaribio lisilohitaji kununua hata skrubu. Kadi za NVIDIA zinakubali kuwekewa ukomo wa umeme kwa programu. Hii hutumia hadi wati 170. Nikaishusha hadi 120, nikairudisha ile filamu ya harusi. Ilirenda mpaka mwisho, polepole kidogo, bila kuzima. Kadi mbovu haiponi kwa kupunguziwa chakula. Aliyekuwa anashindwa ni anayepakua chakula, yaani pawa saplai.

Nilichomeka multimita (kipima umeme) kwenye plagi ya ziada, waya wa njano na mweusi. Kompyuta ikiwa imetulia, volti 12.1. Prosesa ikifanya kazi, 11.7. Nikirudisha kadi kwenye wati zake zote, namba ilishuka hadi 11.3, na hapo ikazima. Kiwango cha ATX, kanuni ambayo pawa saplai za kompyuta za kawaida hufuata, kwa njia ya volti 12 ni kupanda au kushuka asilimia 5, yaani kati ya 11.40 na 12.60. Multimita ya kawaida ni nzito wa macho, haioni mishtuko ya haraka, kwa hiyo ikiwa yenyewe imeona 11.3, ujue hali halisi ilikuwa mbaya kuliko hiyo.

Ndipo nikaifungua pembeni kuitazama pawa saplai yenyewe. Ilikuja na kasha, kama zinavyokuja nyingi. Imeandikwa 500W kwa herufi kubwa. Chini yake, kwa herufi ndogo, kuna jedwali, na ukweli wote uko humo:

3.3V: 20A. 5V: 25A. 12V: 18A. -12V: 0.5A. 5VSB: 2A.

Zidisha volti kwa ampea, upate wati. Njia ya 3.3 inatoa 66, ya 5 inatoa 125, ya 12 inatoa 216, na zile mbili ndogo 6 na 10. Jumla ni 423. Yaani hata ukiamini kila namba aliyoiandika mtengenezaji mwenyewe, 500 haipatikani. Lakini hilo bado si kubwa. Kubwa ni 216. Kompyuta za leo zinakula karibu umeme wao wote kwenye njia ya volti 12: prosesa inatoka humo, kadi inatoka humo, feni zinatoka humo. Zile 125 za njia ya volti 5 zilikuwa na maana enzi ambazo prosesa zililishwa kutoka kwenye volti 5. Leo zinakaa bure. Pawa saplai yenye 5V nene na 12V nyembamba ni muundo wa kizamani uliobandikwa karatasi mpya.

Sasa weka mahitaji mbele ya hizo 216. Intel wanasema i5-12400F inaweza kufika wati 117 ikijitanua. Kadi 170. Hizo mbili tu ni 287, sawa na ampea 24 kwenye njia ya volti 12, na jedwali linasema 18. Kwa ile kadi ndogo ya zamani mashine ilikuwa inapita chini ya dari. Kadi mpya ikaifikisha juu ya dari, lakini pale tu prosesa na kadi zinapotoa jasho kwa pamoja, na kurenda video yenye rangi na mapambo ndiyo kazi inayozibana zote mbili. Ndiyo maana Windows ilionekana nzima na kadi ikaonekana mbovu.

Kulikuwa na jambo jingine, na hili lilinitisha kuliko kuzima kwenyewe. Pawa saplai ile haikuwa na plagi ya pini 8 ya kadi. Aliyefunga kadi alitumia kiunganishi: vichwa viwili vya SATA (plagi ya kulishia diski) upande mmoja, pini 8 upande wa pili. Na vile vichwa viwili vilikuwa vimechomekwa kwenye waya mmoja uleule mwembamba, unaolisha diski pia. Kichwa cha SATA kina pini tatu za volti 12, kila pini ampea 1.5, jumla ampea 4.5, wati 54. Viwili ni 108. Kadi hii inachota isiyozidi 75 kwenye sloti ya mazabodi (bodi kuu), na zilizobaki, karibu mia au zaidi, zinapita kwenye hicho kiunganishi, saa nzima bila kupumzika. Nilipokichomoa, plastiki ya kichwa kimoja ilikuwa imegeuka kahawia pembezoni na imeshikamana kidogo na mwenzake. Nilimpigia dada picha, nikamtumia. Kompyuta ile huachwa inarenda usiku, mlango umefungwa, na ndani kuna mapazia ya studio. Kwangu mimi viunganishi vya SATA kwenda kadi visingeuzwa kabisa. Kadi ikidai pini 8 na pawa saplai haina, jibu ni kubadilisha pawa saplai.

Tukaja kwenye kuchagua. Mahitaji: 287 ya prosesa na kadi, ongeza kama 50 za mazabodi, RAM, diski na feni, tunafika karibu 340. NVIDIA wenyewe wanashauri wati 550 kwa RTX 3060. Pawa saplai nzuri ya 550 ingetosha, na kama mfuko ungebana ningeichukua bila wasiwasi. Nilipendekeza 650 kwa sababu tatu. Kadi za siku hizi hurukaruka: wastani wake ni 170 lakini kwa kitambo kifupi mno hupanda juu zaidi ya hapo. Jambo hili lina uzito kiasi kwamba kanuni za ATX 3.0 za mwaka 2022 zililiandikia masharti yake. Pili, Tanga ni joto, chumba chake hakina kiyoyozi, na kapasita, vile vikopo vya kuhifadhia umeme ndani ya pawa saplai, huchakaa mapema kwenye joto. Pawa saplai inayofanya kazi nusu ya uwezo wake hupata moto kidogo. Tatu, alishasema kwamba akijaliwa atapandisha kadi baadaye.

Akauliza swali ambalo wateja wengi huuliza: "Wati 650 haitanimalizia Luku?" Haimalizi. Namba ile ni uwezo wa kutoa. Kompyuta inachota inachohitaji, basi. Kinachogusa Luku ni ufanisi, yaani kiasi kinachopotea kuwa joto njiani. Chukua kazi ya wati 200: pawa saplai yenye ufanisi wa asilimia 85 itavuta ukutani kama 235, yenye asilimia 70 itavuta kama 286. Kwa hiyo ile "ndogo" ya bei rahisi ndiyo ingemla zaidi.

Hapo ndipo alama ya 80 Plus inapoingia, na naomba ieleweke kwa kipimo chake. Bronze, moja ya ngazi zake, maana yake, kwenye nusu ya mzigo, ufanisi usiopungua asilimia 85. Ni kipimo cha ufanisi. Hakielezi ubora wa kapasita, wala kama kinga dhidi ya shoti na mzigo mkubwa zinafanya kazi. Nakitumia kama chujio la kwanza, kisha nasoma jedwali. Tuliyoichagua ilikuwa na 12V: 54A. Zidisha: 648. Karibu wati zote 650 ziko kwenye njia inayotakiwa, na jedwali la namna hiyo ndilo la kutafuta. Ina waranti ya miaka mitano, plagi mbili za pini 8 za kadi zilizotoka nayo, na haina ile swichi nyekundu ya 115/230 nyuma, kwa sababu inapokea kuanzia volti 100 hadi 240 yenyewe. Ile ya zamani ilikuwa nayo. Swichi hiyo ikisogezwa kwenye 115 na umeme wetu ni 230, pawa saplai inalipuka hapohapo, na inatosha mtoto kuichezea au mfagio kuigusa.

Ilitoka Kariakoo, ikapandishwa basi. Nilimwomba muuzaji kabla ya malipo anitumie picha ya jedwali la ubavuni, si ya boksi. Mara ya kwanza alituma boksi. Nilimrudishia ombi lilelile, na akatuma jedwali. Bei ilikuwa karibu mara tatu ya zile zinazokuja na makasha, na dada alinyamaza kidogo kwenye simu. Nikamkumbusha bei ya kadi aliyotaka kuiuza.

Kwa msomaji mwenye kompyuta za ofisini zilizotumika, zile zinazoingia kwa makontena, simama hapa kabla ya kununua. Dell OptiPlex 3020, 7020 na 9020 mazabodi zake zina plagi kuu ya pini 8 badala ya 24, na HP nao wana mpangilio wao. Zile nyembamba zina pawa saplai ya umbo jingine kabisa, na ya ATX ya kawaida haiingii humo. Fungua, tazama, piga picha, ndipo uagize.

Kufunga hakuna maajabu, ila kuna sehemu chache zinazoua mashine. Nilizima, nikachomoa waya wa ukutani, nikabonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia ili umeme uliobaki umalizike. Nikapiga picha nyaya zote zilivyokaa. Nikatoa pawa saplai ya zamani pamoja na kila waya wake. Pawa saplai yenyewe huwa siifungui: kapasita zake za mbele hubeba volti zaidi ya 300, na zinaweza kubaki nazo baada ya kuchomoa. Kwa tochi tu, kupitia matundu ya hewa, niliona nafasi tupu pale pa kuingilia umeme ambapo vichujio vingekuwepo. Wino wa alama zake umechapwa kwenye bodi, vifaa havikuwekwa.

Kasha hili linaweka pawa saplai chini, sakafu yake ina matundu na chujio la vumbi. Feni ikatazama chini, ivute hewa ya nje. Kama kasha lako halina matundu chini, igeuze itazame juu. Skrubu nne, nikazianza zote kwa mkono kabla ya kukaza yoyote.

Waya wa prosesa niliupitisha kwanza, kwa sababu tundu lake liko kona ya juu nyuma ya mazabodi na baadaye mkono hauingii. Hapa panahitaji macho. Waya wa prosesa ni pini 8 zinazogawanyika 4 na 4. Wa kadi ni pini 8 pia, lakini unagawanyika 6 na 2. Ndani ya plastiki mpangilio ni tofauti: wa prosesa una volti 12 nne na ardhi nne, wa kadi una volti 12 tatu na ardhi tano. Umbo la pini linakataa kukosea, lakini mtu mwenye nguvu na haraka anaweza kulilazimisha, na atakachokipata ni shoti. Ikigoma, acha, soma maandishi kwenye plagi.

Pawa saplai hii ni ya nusu moduli, nyaya za kadi na za SATA zinachomolewa upande wa pawa saplai pia. Kishawishi kilikuwepo: waya wa SATA wa toleo jingine ulikuwa mezani kwangu, mrefu na mzuri, na plagi yake inaingia sawasawa. Huo hauguswi. Mazabodi na diski zina kanuni moja dunia nzima, lakini upande wa pawa saplai kila mtengenezaji anapanga pini anavyotaka, na hata toleo kwa toleo hutofautiana. Diski zenye kumbukumbu za watu zimeungua kwa waya ulioingia vizuri kabisa. Nilitumia nyaya za kwenye boksi lake tu.

Waya wa ukutani uliokuja nao ulikuwa wa pini mbili za mviringo za Ulaya. Wengi huuchomeka kwenye adapta ya dukani na kusahau ardhi. Pawa saplai yenye vichujio vya kweli, ikikosa ardhi, huacha karibu nusu ya volti za ukutani kwenye bati la kasha. Mkondo wake ni mdogo, lakini unawasha vidole, na mteja anarudi akisema pawa saplai mpya inapiga shoti. Nilichukua waya wa pini tatu bapa wenye fyuzi. Nilipofika studio nikapima ekstensheni yake: tundu la ardhi lipo kwenye plastiki, waya wa ardhi ndani haupo. Tuliibadilisha siku hiyohiyo.

Kuwasha. Nyaya zimekaa, swichi ya nyuma kwenye I, kitufe. Feni ya pawa saplai haikuzunguka, dada akashtuka, nikamwonyesha kwenye karatasi yake kwamba mzigo ukiwa mdogo inapumzika. Nikarudisha kadi kwenye wati zake 170 na kuipa ile filamu iliyokuwa imekataa. Multimita ilianzia 12.05, prosesa na kadi zikapanda pamoja, ikasimama 11.98. Haikutikisika tena mpaka filamu ikatoka. Baada ya hapo nikamwacha aweke foleni ya kazi zilizokwama, na zilitoka zote usiku ule.

Pawa saplai ya zamani nilimwomba ruhusa, nikakata nyaya zake zote karibu na bati kabla ya kuitupa, ili isirudi kwenye meza ya mtu ikiwa imefutwa vumbi.

Jambo moja bado halijakamilika. UPS yake ni ya 650VA, na kwenye ubavu imeandikwa wati 360. Kompyuta sasa ikirenda inavuta ukutani kama 400, ukiongeza skrini ni zaidi. Umeme ukikatika katikati ya kazi, UPS hiyo itazidiwa na kuzima palepale. Nimemwandikia ya 1500VA yenye wati zisizopungua 800 na inayorekebisha volti yenyewe, ikiwezekana yenye wimbi kamili, kwa sababu baadhi ya pawa saplai za kisasa hazielewani na mawimbi ya ngazi. Mpaka ainunue, tumekubaliana kadi ibaki kwenye wati 120 kila anaporenda. Filamu inachelewa kidogo, lakini mzigo wa kompyuta, bila skrini, unakaa ndani ya uwezo wa UPS aliyonayo.